Sarafu Zilizobaki Mifukoni

Jumamosi, 2 Machi

Mvua imeanza leo, na kwetu hiyo si habari njema. Watu wengine wakisikia ngurumo huwaza mimea, sisi huwaza mashuka. Nyumba yetu ni ya dobi: mbele kuna meza ya kupokelea nguo, katikati chumba cha pasi, nyuma ni uani kwenye mabeseni na kamba, na sisi wenyewe tunalala juu. Jua ndilo mfanyakazi wetu mkuu, na leo hakuja kazini.

Leo pia nimekabidhiwa kopo. Tangu tumzike babu, bibi alikuwa hajaligusa kabati lake. Asubuhi alilifungua, akatoa lile kopo la biskuti lenye kutu pembeni, akaliweka mapajani mwangu mbele ya mama na mjomba.

"Alisema ni lako, mke mwenzangu," akasema. "Wewe amekuachia mali, mimi ameniachia pasi."

Mama alicheka na kulia kwa pamoja. Mjomba hakucheka. Alilitazama kopo kama mtu anayetazama mlango aliodhani umefungwa.

Ndani mna sarafu za nchi za mbali, kila moja imeviringishwa kwenye kitambaa cheupe kama peremende. Nyingine zina tundu katikati, nyingine zina pembe, na moja kubwa ya fedha ina farasi anayekimbia. Zote zilitoka mifukoni mwa nguo tunazofua. Babu alikuwa akinipa nizishike siku za Jumapili, kisha anazirudisha mwenyewe, polepole. Aliniambia wenyewe hawakurudi kuzidai.

Nimeliweka kopo juu ya vitabu vyangu. Sijui nifanye nalo nini.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Mashuka ya nyumba ya wageni hayajakauka. Nimekwenda shuleni na soksi mbichi.

Jumamosi, 9 Machi

Mjomba ameniita chumba cha pasi. Yeye huniita Wakili, kwa sababu mimi sisemi. "Wakili wetu, kimya kingi kina mshindo mkuu. Sasa huo mshindo nausubiri."

Kisha akaacha mzaha. Alikuwa ameipiga picha sarafu ya farasi nikiwa shuleni, akamtumia mtu anayenunua vitu vya kale. Mtu huyo amejibu. Bei aliyoitaja inatosha kununua mashine ya kukaushia nguo, na chenji ibaki.

"Barabara ya juu wamefungua duka la kufulia," akasema. "Wao mvua kwao ni muziki tu. Nguo zinaingia chafu, zinatoka kavu. Sisi tunawaambia wateja 'njoo kesho'. Kesho gani?"

Nikasema babu alikuwa akisema akiba haiozi.

"Akiba haiozi, lakini mashuka yanaoza! Hebu nusa."

Nilinusa. Ni kweli.

Nilikasirika hata hivyo. Kupiga picha kitu cha mtu bila ruhusa yake! Babu hana hata miezi miwili kaburini, na mwanawe wa kiume ameshamtafutia mnunuzi. Nilipanda juu nikalala na kopo miguuni.

Jumatano, 13 Machi

Nimeazima maktaba kitabu cha sarafu. Ni kikubwa, na hakijaazimwa na mtu kwa miaka. Nimekisoma wakati wa mapumziko, nyuma ya darasa, ambako hakuna anayeniuliza ninasoma nini.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Mama kaanika fulana kwenye ngazi. Ukishuka unapigwa makofi na mikono ya watu usiowajua.

Jumapili, 17 Machi

Leo nimebadilisha mawazo, nami nataka kuandika ni kwa sababu gani, nisije nikajisahau.

Nilikuwa nimeshuka kuchukua maji. Mjomba alikuwa peke yake chumba cha pasi, anakausha mashati kwa pasi, moja moja. Shati likiwa bichi, pasi inatoa mvuke usoni, na kazi ya dakika inakuwa ya nusu saa. Jasho lilikuwa linamtoka. Alikuwa amefunga kitambaa kwenye kidole alichoungua. Sikuwahi kumwona mjomba akiwa amenyamaza. Nilidhani kelele zake zote ni za mtu asiyejali. Sasa nadhani ni za mtu anayeogopa kusikia nyumba ikiwa kimya.

Hakuniona. Nilirudi juu nikakaa na mama.

"Mama, wewe ungefanyaje?"

"Mimi sikuachiwa kopo," akasema. Halafu akaniona nimenuna, akanivuta. "Baba angekuwa anataka ziuzwe, angemwachia kaka yangu. Angekuwa anataka zikae tu, angeziacha kabatini. Alikupa wewe kwa sababu wewe hufikiri. Basi fikiri, mwanangu, lakini usifikiri mpaka kiangazi."

Nimefikiri. Nitauza ile ya farasi peke yake. Nyingine zitabaki. Nilimwambia mjomba kwa sauti ndogo sana hivi kwamba aliniomba nirudie, na niliporudia akaniwekea mkono kichwani na hakusema mzaha wowote.

Mnunuzi atakuja Jumamosi.

Jumatatu, 18 Machi

Mtihani wa hesabu. Nimejaribu.

Ijumaa, 22 Machi

Maji yamezidi unga.

Jana usiku nilikuwa nimefika kwenye sura ya mwisho ya kitabu, inayohusu utunzaji. Mstari wa kwanza umeandikwa kwa herufi nzito: sarafu ya kale haisafishwi kamwe. Ule weusi wake ndio unaothibitisha umri wake. Ukiusugua, umeondoa thamani, na thamani hairudi. Nikawaza, vizuri, zetu ni nyeusi kama masizi. Nikalala kwa raha.

Leo nimetoka shule nikamkuta bibi mezani, amekunja mikono ya gauni. Taulo nyeupe imetandazwa, na juu yake sarafu zote za babu zinang'aa kama vifungo vya sare mpya. Maganda ya malimau yalikuwa yamejaa sahani. Chumvi ilikuwa imemwagika. Mswaki wa zamani wa babu ulikuwa umelala pembeni, umechoka.

"Njoo uone, mke mwenzangu! Asubuhi yote nimesugua. Mgeni anakuja kesho, na kitu cha mume wangu hakitoki nyumba hii kichafu. Nimekuwa mke wa dobi maisha yangu yote!"

Hata vitambaa alikuwa amevifua, akavipiga pasi, na kila sarafu ameiweka juu ya kitambaa chake, kwa mpangilio uleule. Farasi alikuwa anakimbia juu ya fedha nyeupe kabisa, na ukiangalia kwa karibu, kwato zake zilikuwa zimeanza kufutika.

Bibi alikuwa anatabasamu. Tangu mazishi sijamwona akitabasamu hivyo.

"Zimependeza, bibi," nikasema.

Jumamosi, 23 Machi

Mnunuzi alikuja na mwavuli mkubwa na lenzi iliyofungwa kwa kamba shingoni. Mjomba alikuwa amevaa shati lake jeupe. Mama aliandaa chai. Bibi aliketi kwenye kiti cha babu, amenyooka kama mwenye arusi.

Mgeni alifunua taulo. Hakugusa kitu. Aliinua lenzi, akaishusha, akatuangalia mmoja mmoja.

"Nani ame—"

Nilisimama. Kiti changu kilianguka nyuma. Nikasikia sauti yangu, kubwa, kama ya mtu mwingine: "Naomba tuzungumze nje."

"Wakili ameongea!" mjomba akasema, na hakuna aliyecheka.

Tulisimama uani chini ya bati, katikati ya mashuka mabichi ya watu. Mvua ilikuwa inapiga bati hata ikabidi tuinamishe vichwa.

"Binti, ile sarafu mmeichuna ngozi," akasema. Hakuwa mkali. Alionekana kama amefiwa. "Sarafu ni kama mtu mzima, makunyanzi yake ndiyo heshima yake. Nilikuja na pesa kamili. Sasa siwezi kuichukua hata kwa robo."

"Najua," nikasema. "Ni bibi. Hakujua. Naomba usimwambie."

"Unataka nidanganye?"

"Nataka useme hununui. Si hununui?"

"Sinunui."

"Basi si uongo."

Alinitazama. "Kumbe wanakuita Wakili kwa haki."

Alirudi ndani, akamwambia bibi kwamba sarafu ni nzuri lakini si za aina anayonunua. Bibi alimsukumia kikombe cha chai. "Basi lenzi yako haijui kitu kizuri. Kunywa, ndugu yangu, si kosa lako."

Mjomba alimsindikiza hadi barabarani. Nilimwona dirishani, mgeni akimweleza chini ya mwavuli, mjomba akiwa nje ya mwavuli analowa. Nilijua amejua. Nikasubiri arudi apige kelele. Alirudi akiwa amelowa chapachapa, akamwangalia mama yake kwenye kile kiti, akanitazama mimi. Akatikisa kichwa kidogo tu. Kisha akawasha pasi.

Jumapili, 24 Machi

Sina la kuandika. Mvua.

Jumapili, 31 Machi

Nyumba ya wageni wamekuja kuchukua mashuka yao, makavu na mabichi pamoja, wayapeleke barabara ya juu. Mjomba aliwafungia mzigo vizuri, akawashikia mlango.

Jumamosi, 6 Aprili

Kumbe bibi alikuwa anajua.

Asubuhi nilikuwa namsaidia kushona alama. Kila mteja wetu ana alama yake, inashonwa kwa uzi mwekundu ndani ya kola au kwenye pindo: nukta, nyota, ngazi, jicho. Wateja hawaijui alama yao. Ni lugha ya nyumbani kwetu. Bibi hushona bila kutazama.

"Mke mwenzangu," akasema, "uso wa mtu ni kama kola. Doa halifichiki. Lile limau limeharibu nini?"

Nikainamia uzi wangu.

"Wewe unaninyamazia. Kaka yake mama yako, ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe, ananyamaza. Mama yako anaosha vyombo vilivyo safi. Mnadhani mimi ni shuka?"

Nikamwambia yote. Kitabu, weusi, mnunuzi, mashine. Alisikiliza huku anashona. Alipofika mwisho wa uzi aliukata kwa meno.

"Ungeniambia siku ile, ningelia siku moja," akasema. "Hukuniambia, nimelia wiki mbili bila kujua ninalia nini. Usinifanyie hivyo tena."

"Nilitaka usiumie, bibi."

"Najua. Ulinifunika shuka zuri, lakini bichi."

Kisha akaniambia nilete kopo.

Niliona aibu nilipoelewa. Nimevishika vile vitambaa tangu utotoni nikidhani ni vya kufungia tu. Kwenye kona ya kila kimoja kuna uzi mwekundu, mdogo kama siafu. Babu alikuwa amekata vitambaa, akashona alama ya mtu ambaye mfuko wake ulitoa sarafu. Ndiyo maana bibi, hata alipokuwa anasugua, hakuchanganya hata kimoja. Dobi anayechanganya vitu vya watu, anasema bibi, aende akauze karanga.

Alivisoma kimoja kimoja. "Ngazi: fundi viatu, alishahama. Jicho: yule mwalimu aliyekuwa akiongea mpaka mapovu yanamtoka, Mungu amrehemu. Mwezi: mwokaji mikate. Nyota mbili, farasi: muuguzi, yupo, nyuma ya soko, mlango wa kijani."

Kimoja alikiruka. Kina msalaba mdogo uliolala.

"Na hiki?"

"Mwenyewe hana haraka," akasema.

Jumapili, 7 Aprili

Nimeamua. Nitazirudisha. Haziwezi kununua mashine, na mimi siwezi kuzitazama kopo likifunguliwa bila kukumbuka lile taulo. Lakini zina wenyewe, na baadhi yao wako hai, na wako umbali wa kutembea kwa miguu.

Tatizo ni kwamba itanibidi nigonge milango na niseme.

Mjomba alisema, "Yaani unakwenda kuwagawia watu mali bure, na mvua hii?" Halafu akaniletea mwavuli wake.

Jumamosi, 13 Aprili

Mlango wa kijani. Nilipita mbele yake nikaenda, nikarudi, nikapita tena. Mwishowe mama mmoja mwembamba akafungua mwenyewe. "Binti, utaichimba hii njia. Unamtafuta nani?"

Nikatoa shikamoo, nikatoa kitambaa, na maneno yote niliyoyakariri yakapotea. Nikasema tu: "Hii ilibaki mfukoni."

Muuguzi alifunua. Akashika mlango.

"Mwizi yule!" akasema.

Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini alikuwa anacheka, anacheka huku machozi yanamtoka. Akaniingiza ndani, akaniketisha.

"Babu yako nilimwuliza. Nikamwambia, nimeacha sarafu kwenye gauni la kazi, alinipa marehemu baba. Akasema, 'Dada, bado naitafuta.' Nikarudi. 'Dada, bado naitafuta.' Miaka, mwanangu! Kila nikipeleka nguo, anaitafuta! Mwisho nikawa namwuliza ili tu nimwone anavyodanganya. Babu yako alikuwa mwaminifu kwa mashati. Kwa sarafu, hapana."

Kisha akaipeleka dirishani. Nikaanza kuomba radhi kwamba tumeisafisha, kwamba imeharibika, kwamba kitabuni wanasema—

"Imeharibika wapi? Baba aliponipa ilikuwa inang'aa hivi hivi. Iliingia weusi kwangu. Sijaiona hivi tangu niko msichana kama wewe."

Aliifunga kwenye pindo la kanga. Nikawa na la kumwambia bibi.

Jioni niliwasimulia. Mama alificha uso kwenye shuka alilokuwa anakunja. Mjomba alipiga meza. "Bado naitafuta! Mzee! Na mimi alikuwa ananichapa kwa kuchukua biskuti!" Bibi peke yake hakushangaa. Alisema tu, "Alikuwa na mazoea hayo," akaendelea kushona.

Nilimdhania babu kuwa mtu asiye na doa. Ajabu ni kwamba leo ninamkumbuka zaidi.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua. Nimerudisha moja kwa mpiga picha. Hakumbuki kama ilikuwa yake, lakini ameichukua, huenda ikawa yake.

Jumamosi, 20 Aprili

Leo ni siku ya kuandika kwa kalamu nzuri.

Duka la mikate liko nyuma yetu, ukizunguka pembe. Nilifika nimelowa, sweta la shule limening'inia kama mnyama. Mwokaji ni mtu mkubwa mwenye unga mpaka kwenye nyusi. Akaniambia nisubiri kwenye stoo, mikate inatoka.

Ile stoo ilikuwa tupu. Nilisimama nikaegemea ukuta, kwa sababu nisipokuwa na cha kusoma huwa sijui mikono yangu niiweke wapi. Ukuta ulikuwa na joto, kwa kuwa upande wa pili ni tanuri. Joto zuri, kama mgongo wa mtu. Alipokuja na kuchukua sarafu yake yenye tundu, akaipitisha kwenye kidole kidogo ikakwama kwenye kucha, akaguna, "Enzi hizo ilikuwa inapita mpaka chini!" Nami nikagusa sweta langu. Mgongoni lilikuwa limekauka.

Alinishukuru akaanza kunifungulia mlango. Nilijua nikitoka sitarudi. Mimi najijua.

"Baba mwokaji," nikasema, "stoo hii ni ya nini?"

"Ya panya, mama. Zamani tulikuwa tunaweka kuni. Sasa tanuri ni la gesi. Kwa nini?"

Nikamwambia kwa nini. Nilisema yote bila kupumua: mvua, mashuka, pasi ya mjomba, kidole chake. Nikasema tutafunga kamba wenyewe, tutafukuza panya wenyewe, na tutamfulia aproni zake zote.

Alijikuna shingo kwa kidole chenye sarafu. "Na kofia?"

"Na kofia."

"Mjomba wako kwa nini hakuja mwenyewe?"

"Hajui. Nimewaza sasa hivi."

Mwokaji akacheka mpaka unga ukamwanguka. "Nenda kamlete kabla sijawaza na mimi."

Nilikimbia. Mjomba alikuja na pasi mkononi. Aliusogelea ule ukuta, akaweka kiganja, kisha shavu. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumapili, 28 Aprili

Kamba tano zimejaa. Mashuka yanaingia asubuhi na jioni ni makavu. Yote yananukia mkate. Mteja mmoja alirudi kulalamika kwamba shati lake linamtia njaa mkutanoni. Mjomba akamjibu, "Hiyo hatutozi."

Jumatatu, 6 Mei

Nyumba ya wageni wameleta mizigo miwili. Wanasema barabara ya juu mashuka yananukia sabuni tu.

Jumamosi, 11 Mei

Asubuhi jua lilitoka. Mama alianika uani mpaka kamba zikalegea, kwa furaha tu.

Kopo limebaki na sarafu chache. Za waliohama na waliokufa nitazitunza, na alama zao nimejifunza kuzishona. Lakini kile kitambaa cha msalaba uliolala kilikuwa kinanikera. Nilimfuata bibi kwenye mashine ya kushonea.

"Bibi, mwenye hiki bado hana haraka?"

Aliondoa miwani. "Nilikuwa msichana, namfanyia kazi mama mmoja karibu na kituo. Nilikuwa napeleka nguo hapa. Kulikuwa na kijana wa pasi, mpole, hainui macho. Nikasema huyu nisipomsaidia tutazeeka. Nikaweka sarafu mfukoni mwa gauni langu, makusudi. Nikasema, lazima atakuja kuirudisha."

"Akaja?"

"Akaja. Amesimama mlangoni, jasho linamtiririka. Akasema, 'Dada, kuna sarafu yako, lakini bado naitafuta.'" Bibi alicheka kwa pua. "Wiki iliyofuata akaja tena kuniambia bado anaitafuta. Na iliyofuata. Mpaka siku alipokuja na wazee wake, alikuwa bado anaitafuta."

Nilifunua kitambaa. Ndogo, ya shaba, safi kuliko zote. Hii aliisugua zaidi.

Nilisimama wima, kama babu alivyokuwa anasimama mezani mbele ya mteja, nikaiweka juu ya viganja viwili.

"Dada," nikasema, na sikulazimika kurudia, "tumeipata. Tunaomba radhi kwa kuchelewa."

Bibi alivaa tena miwani. Kisha akaichukua, akaitia mfukoni mwa aproni, na kuupigapiga mfuko juu yake.

"Usimwambie mjomba wako iko wapi," akasema. "Ataifua aproni hii, kisha atasema bado anaitafuta."